Vifurushi vya Bisi za Mchele

Ninyi wasichana mliobaki pale karakana ya Makutano, na ninyi vijana wawili wa mashine, haya ni yenu. Yasomeni mkiwa mmenawa mikono. Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na keki, mkasema, "Cucu, bibi yetu, hebu tuandikie mambo ya kazi tusije tukasahau." Blanketi ni zuri. Keki ilikuwa na sukari nyingi. Sasa nawaandikia, lakini msitarajie Kiswahili cha redio. Shule niliiacha darasa la pili, na Kiswahili nilifundishwa Majengo ya Embu na mwanamke aliyekuwa akinisahihisha kwa mwiko.

Sitawaambia nililipwa nini wala nilifanywa msimamizi lini. Hayo hayamfundishi mtu kukaanga. Nitawaambia jinsi nilivyojifunza kugeuza mchele uwe kile mnachokitia kwenye pakiti, watoto wakamiminiwa maziwa asubuhi na wakala bila kubembelezwa. Na nitawaambia kwa nini ile picha ya mtoto anayecheka kwenye pakiti mimi niliigeuzia ukutani kila nilipopanga mzigo. Najua mlikuwa mnanong'ona juu ya jambo hilo.

Nilianza kama muuza magunzi. Ndiyo, magunzi ya mahindi, yale mnayotupa. Nilikuwa mke mchanga wa Kianjokoma, kule juu karibu na msitu, nina mtoto mmoja wa mgongoni, na kila wiki nilishuka hadi Embu mjini na mzigo wa magunzi makavu kwa sababu kulikuwa na mwanamke Majengo aliyeyachukua yote bila kubishana. Aliitwa Bi Halima. Alikuwa Mwislamu, mjane, mama yake Mkamba, na baba yake sijui alikuwa mtu wa wapi, maana kila nilipouliza alitaja mahali pengine. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mafiga matatu, karai jeusi pana kuliko mikono yangu ikinyooshwa, na lundo la mchanga uliofunikwa gunia kama mgonjwa.

Siku moja aliniangalia akasema, "Wewe binti wa magunzi, mikono yako inaogopa maji baridi?"

"Haiogopi."

"Basi mlaze mtoto pale kivulini, chukua ndoo."

Alinipa mchanga wa mto Rupingazi niuoshe. Niliosha asubuhi yote. Kila nilipomwita alichota maji ya juu kwa kikombe, akayatazama kwenye mwanga, akayamwaga. "Bado." Saa nane mchana vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya bibi kizee nikamuuliza nioshe mpaka lini. Akasema, "Mpaka uweze kuyanywa." Nilidhani anatania. Jioni alichota vikombe viwili, kimoja akanipa na kimoja akanywa yeye, mpaka chini. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu ya kwanza, na mpaka leo sijaona cheti kinachoyazidi.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana mashine yenu itaharibika siku moja na fundi atakuwa Nairobi. Mchele unauchemsha kidogo tu, mpaka punje ikunje mgongo. Unauanika kivulini, si juani. Jua hukausha ngozi na kuacha tumbo bichi. Baada ya siku mbili unaitia punje kati ya meno. Ikivunjika kama kucha, umechelewa. Ikibonyea, hujafika. Ikilia na kubaki na unyevu wa mbali katikati, hapo hapo. Unainyunyizia maji ya chumvi, unaiacha inywe. Mchanga unaupasha kwa magunzi, si kuni nene, kwa sababu gunzi linawaka kwa hasira na linakufa upesi, na unaweza kuutawala moto wake. Ukitupa punje moja mchangani nayo ikaruka kabla hujapepesa macho mara mbili, mwaga kiganja kimoja. Kimoja, si viwili. Koroga na kifagio kifupi cha njukuti, zile njiti za makuti. Kwa muda wa pumzi moja mchele wote unafura na kuwa mweupe. Chota kwa chekecheke, mchanga urudi karai, bisi zibaki juu. Ukingoja pumzi ya pili umeunguza.

Kisha kulikuwa na mtihani wa Bi Halima. Alitia bisi kidogo kwenye kikombe, akamimina maziwa, akaweka sikio. Zikisema, aliitikia kwa kichwa. Zikinyamaza, alizimwagia kuku. Mara moja niliosha mchanga kwa haraka kwa sababu mtoto alikuwa analia, na bisi zikashika vumbi la udongo. Hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kigoda na karai lile lote, akasema, "Kula. Wewe ndiye mteja wangu leo." Nilitafuna mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Sikurudia.

Wateja wake walikuwa wenye maduka, wachinjaji wa Majengo waliotaka watoto wao wale kitu kabla ya chuo cha Kurani, na Wahindi wawili waliozijua bisi za mchele tangu kwao. Uji ulikuwa chakula cha kila nyumba, lakini mtoto anaweza kuukataa uji kwa kichwa kigumu kabisa. Sijawahi kumwona mtoto akikataa chakula kinachomsemesha.

Halafu ikaja Emajensi, hali ya hatari. Ninyi mnaisoma kwenye vitabu na mnaifanyia mtihani. Mume wangu, Nyaga, alichukuliwa asubuhi moja akiwa anakamua mbuzi. Maziwa yalibaki kwenye kibuyu. Sikuambiwa amepelekwa kambi gani. Wakati huo Bi Halima alikuwa ameanza kupika bisi kwa nyumba moja ya Wazungu juu kilimani, mke wa bwana mkubwa wa serikali, kwa sababu makopo ya chakula cha asubuhi ya watoto wake yalikuwa hayafiki tena kwa jinsi barabara zilivyokuwa za hatari. Alikuwa na watoto wawili. Mpishi wao, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, alikuja na debe lenye mfuniko kila baada ya siku tatu na kutuambia yaliyotokea mezani.

"Jana zilinyamaza mapema," alisema. "Yule mdogo alitupa kijiko."

"Mwambie amwage maziwa polepole," Bi Halima alijibu. "Na mwambie mama yake kijiko si cha kutupwa."

"Nitamwambia la kwanza tu."

Kwa sababu ya wale watoto wawili, yule memsahib aliandika karatasi kwamba mimi, Muthoni mke wa Nyaga, ninafanya kazi ya chakula Majengo na niruhusiwe kukaa mjini na kwenda kwetu Jumapili moja kila baada ya wiki mbili. Karatasi iliandikwa kwa mtu mmoja. Haikusema na mtoto. Niliuliza. Niliambiwa niwe na shukrani.

Kwa hiyo Wawira, binti yangu, alikuwa na miaka miwili na nusu nilipomwacha kwa mama yangu. Na hapo hapo watu wa Kianjokoma wakaondolewa mashambani mwao, wakajengwa pamoja kwenye kijiji chenye handaki kuzunguka, na miti iliyochongwa ncha ndani ya handaki, na lango moja lenye homugadi. Homugadi walikuwa watu wetu waliopewa bunduki na serikali watulinde dhidi ya watu wetu wengine waliokuwa msituni. Wanawake wote wenye nguvu walitoka alfajiri kwenda kuchimba handaki jingine refu kando ya msitu, wakarudi jioni. Mchana ilikuwa marufuku kuwasha moto kijijini. Nyumba zilikuwa za nyasi zimebanana, na moshi nao walisema ni ishara. Watoto walibaki na bibi wachache waliozeeka mno kushika jembe. Mama yangu alikuwa na mguu mbaya, naye akaachiwa watoto wa mstari wake wa nyumba.

Fikirini wenyewe. Mtoto anaamka, mama ameshakwenda. Moto hakuna. Kuna uji wa jana uliolala kwenye sufuria, baridi, una ngozi juu. Anaonja, anaukataa, analala. Kesho hivyo hivyo.

Jumapili moja nilifika nikamkuta Wawira nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya kutu. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua. Hakuja. Mama yangu alinitolea uji nimlishe, akageuza uso. Nikampa ndizi, akageuza uso. Kwenye pindo la leso nilikuwa na bisi kiganja kimoja, zile zilizobaki kwenye chekecheke, nilikuwa natafuna njiani. Nikamtilia maziwa ya mbuzi kidogo kwenye kibakuli, nikampa. Zikaanza kusema. Wawira aliinamisha sikio. Akaingiza kidole, akatoa punje moja, akaiweka kwenye ulimi, akangoja. Kisha akashika kibakuli kwa mikono miwili, akala zote, akalamba.

Mlangoni wale watoto wengine wa mstari walikuwa wamesimama wakitazama. Mama yangu aliwaona akafunga macho.

"Usiniletee tena za huyu peke yake," alisema. "Mtoto akila wenzake wakimtazama, chakula hakimkai mwilini. Leta za wote ama usilete."

Hiyo ilikuwa sheria ya kwetu, na ni sheria nzuri. Kwa hiyo nilijua nitakachofanya. Wiki mbili zile nilikaanga za wateja, nikaosha mchanga mara ya pili, nikakaanga zangu. Bi Halima alinipa mchele bila kusema neno. Alipoona nafunga zote kwenye kitambaa kimoja alinipiga kiganja.

"Hivyo zitapondana ziwe unga. Kila mtoto afungiwe zake. Haya, nitajie."

Kwetu watoto hawahesabiwi. Mbuzi unaweza kuwahesabu, tena ukiwa makini. Watoto unawataja tu majina, na hata majina hutaji yote kwa mfululizo. Nilimtajia mmoja, nikazungumza jambo lingine, nikamtaja mwingine. Alifunga kila jina kwa jani kavu la mgomba, tabaka mbili, akakaza kwa uzi wa mgomba na lile fundo lake dogo gumu. La Wawira alilifunga mwisho, kubwa kuliko yote.

"Saba," akasema. "Mashaallah. Namba ya heri kabisa."

Kwenu ninyi ni namba tu, mnaiandika kwenye simu. Kwetu wakati ule ilikuwa haitajwi. Aliyehesabu alisema sita, kisha akasema "na ile nyingine," kisha nane. Na wakati wa Emajensi ilikuwa imezidi kuwa mbaya, kwa sababu watu walisema mambo ya kiapo cha msituni yote yalikwenda kwa hiyo namba: ukiuma, uume mara hizo, ukizunguka, uzunguke mara hizo. Mtu aliyekutwa na vitu saba alikuwa na maneno ya kueleza. Bi Halima hakujua. Kwa Waislamu ile ni namba ya Mungu, angetaka kila kitu kiwe saba. Nami nilimheshimu mno kumwambia, "Mama, umenifungia balaa."

Nilifikiri nitafungua kifurushi kimoja njiani nikigawe kwenye vingine. Nilipofika kwenye kivuko ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa mwezi wa saba unaolowesha mpaka kope. Nilishika fundo. Lilikuwa gumu, ningelazimika kurarua jani. Na ninyi mnajua, au mnapaswa kujua, bisi zikipata unyevu zimekufa. Hazisemi tena. Niliona Wawira akiinamisha sikio na kukuta kimya. Nikasimama pale na kile kifurushi mkononi, nikachagua bisi. Ni kosa la fundi. Mtu asiyejua kazi hii angefungua.

Langoni alikuwa Njeru. Alitahiriwa pamoja na kaka yangu, alikula kwetu zaidi ya alivyokula kwao. Sasa alikuwa na koti la kijani na bunduki.

"Mke wa Nyaga," alisema. "Siku hizi unanukia kama duka la Mhindi. Weka kikapu chini."

Nikaweka. Akafungua na ncha ya fimbo, kifurushi kimoja kimoja, akakipanga kwenye gunia. Nilimwona midomo yake ikienda. Ilifika mahali ikasimama. Akamtazama mwenzake, naye mwenzake akarudi nyuma hatua moja.

"Nini hii?"

"Mchele. Wa watoto."

Alirarua jani la kwanza. Bisi zikamwagika guniani mle kwenye ukungu. Akaweka moja mdomoni. "Huu haupikwi?"

"Umeshapikwa."

"Haupikwi tena. Mtu anaweza kula hivi, bila moto, bila moshi." Alizungumza polepole, kama anayenisaidia. "Mwepesi. Haunuki. Unaweza kubebwa siku nyingi. Mama Wawira, nani anahitaji chakula cha namna hiyo huku kwetu?"

"Watoto ambao mmewakataza moto mchana."

"Watoto wa nani? Wataje."

"Wa mstari wa mama."

"Wataje mmoja mmoja, kila mmoja na kifurushi chake. Hivi ni sita na..." Aligusa cha mwisho kwa fimbo. Hakumalizia. "Na hiki. Hiki ni cha nani?"

Kile cha mwisho, kikubwa, kilikuwa cha Wawira.

Nataka mlielewe hili, kwa sababu nimelibeba muda mrefu kuliko nilivyobeba kazi. Ningefungua mdomo nikataja. Kariuki, Ngithi, Wanjuki, wote, kwa mfululizo, mbele ya watu wenye bunduki, nikafika kwenye ile nafasi isiyotajwa, nikamweka hapo mwanangu ambaye tayari alikuwa anaumwa. Nilihisi kwamba nikisema, nimemtia alama. Mama yangu angeniambia hivyo. Bibi yangu angeniambia hivyo. Nikafunga mdomo.

"Sema, dada," Njeru aliniambia kwa sauti ya chini, kama zamani. "Sema tu."

Sikusema. Basi kunyamaza kwangu kukawa ndiyo jibu.

Waliniweka kwenye kibanda cha posti yao, ndani ya ua wa miti. Karatasi ya memsahib niliwaonyesha. Hapakuwa na aliyejua kuisoma, na yule mmoja aliyejua alikuwa amesafiri. Wengine walinipiga, Njeru hakunipiga. Vile vifurushi vilikaa mezani kama ushahidi, na niliwasikia kwa masikio yangu homugadi wakila ushahidi kidogo kidogo, ukilia menoni mwao, kwa maana nilikuwa nimeukaanga vizuri. Kisha nikasikia kwamba kwa kuwa mimi nimeshukiwa, mama yangu hawezi kuachiwa watoto. Alipelekwa handakini na mguu wake. Watoto wa mstari waliachiwa bibi mwingine aliyekuwa haoni.

Siku ya nne yule mpishi mwenye kofia nyeupe alikuja na gari. Debe lilikuwa limekwisha. Watoto wa kilimani walikuwa hawajala asubuhi mbili, na memsahib alitaka kujua mwanamke wake wa mchele yuko wapi. Mpishi alisoma karatasi yangu kwa sauti, mstari kwa mstari. Ndani ya nusu saa nikafunguliwa. Naweza kusema hivi bila uchungu sasa: nilifunguliwa kwa sababu kulikuwa na watoto wawili wasiokula, na mahali fulani mtu mzima alilichukulia hilo kuwa jambo kubwa. Ni jambo kubwa. Sijawahi kusema si kubwa.

Njeru alinisindikiza mpaka mstari wa mama. Njiani aliniambia.

"Jana," alisema. "Kabla jua halijatoka."

Nilimwuliza, "Nani?" ingawa nilijua.

"Ungetaja tu, Mama Wawira. Yule Kariuki ni wa dada yangu. Ungemtaja tu yule mmoja."

"Na wewe ungemalizia kuhesabu," nikamwambia. "Ulifika sita ukaogopa. Una bunduki."

Alisimama pale ukungu ukimlowesha koti. Alikufa mzee, na hatukuzungumza tena.

Mama yangu alikuwa amekaa sakafuni, udongo wa handaki umekauka miguuni. Wawira walikuwa wamemzika wale bibi, upesi, kabla wengine hawajaitwa kazini. Nilitaka kujua kama alikula kitu.

"Nilimpa uji usiku," mama yangu alisema. "Akataka ile inayosema. Nikamwambia mama yako anakuja nayo."

Kesho yake nilikuwa mchangani. Msiniulize kwa nini. Bi Halima alinisomea dua, akanipikia, akaniambia, "Lia, mwanangu." Nikamwambia zitaungua. Alininyang'anya kifagio akakoroga yeye, nami nikalia mpaka karai likawa tupu. Sikumwambia kamwe habari ya ile namba. Miaka yote niliyofanya kazi kwake aliendelea kuwafungia watoto saba saba, akisema ni heri, na mimi nilikata majani ya mgomba nikampa. Amekufa bila kujua. Kama nilifanya vibaya, ni vibaya vyangu.

Watu walinibadilishia jina. Mnaniita Cucu, wenzangu waliniita Mama Mbogo, kwa mvulana aliyezaliwa baada ya Nyaga kurudi. Nyaga alirudi mwishoni kabisa mwa Emajensi. Alikuwa amechimbishwa mifereji ya mashamba ya mpunga kule Mwea, amesimama kwenye maji msimu baada ya msimu, na nyayo zake zilikuwa zimebanduka kama ganda la mti. Nilimtengea wali siku ya kwanza. Akausukuma kwa upole. Hakula mchele tena mpaka kufa, na mkewe akawa wa kukaanga mchele. Tulizoea. Alinichambulia magunzi.

Mpunga wa Mwea ulipoanza kupatikana kwa wingi ndio ulionitoa Embu. Bi Halima alipofariki nilichukua karai, nikahamia Nkubu, nikakaangia akina mama waliokuwa na watoto wagonjwa. Hapo nilijifunza kwamba mtoto aliyedhoofika asipewe bisi tupu. Mchele peke yake hautoshi, lazima maziwa yawe mengi, na yai likipatikana. Hili lisome mara mbili wewe unayechapisha maneno kwenye pakiti. Msiwadanganye wazazi kwamba hiki ni chakula kizima. Ni mlango. Kinachomnenepesha mtoto kinapita nyuma yake. Wakati ule wa Wawira sikulijua hilo, na usiku mwingine huwa nafikiri kwamba hata ningefika na kifurushi chake, labda kisingetosha. Halafu nafikiri kwamba maziwa ya mbuzi yalikuwepo. Ndiyo sababu yule mtoto anayecheka kwenye pakiti nilimgeuzia ukutani.

Yaliyobaki mnayajua. Makutano, karakana, mashine ile inayopiga kama bunduki kila inapofungua mdomo. Siku ilipoletwa mlinicheka kwa sababu nilitoka nje. Nilitoka nje kila siku kwa mwaka mzima, kisha nikazoea, kama mtu anavyozoea. Inafanya kwa saa moja kazi niliyofanya kwa wiki, na bisi zake zinasema, siikatai. Ila ishikeni punje ya kwanza ya kila gunia kwa meno, mashine haina meno. Na yule anayefagia asifagie kuelekea kwenye mizani. Nimesema hilo kwa mdomo, sasa nimeliandika.

La mwisho ni la nyumbani, si la karakana, lakini mliliuliza siku ile ya keki, mkasema mmesikia kwamba kwangu asubuhi watu hupiga hesabu kama jeshi.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Wana wangu walikuwa wameleta watoto wao Nkubu, nyumba imejaa. Mke wa Mbogo alikuwa anapanga bakuli mezani, anamimina bisi, mimi nimekaa na chai yangu. Ni msichana mzuri, amesoma, mama yake ni wa kwetu juu. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini: tano, sita, nane. Bakuli likapungua moja. Yule mdogo kuliko wote, kitinda mimba wa binti yangu anayemfuata Mbogo, akabaki kwenye nafasi iliyorukwa bila kitu mbele yake, anawatazama wenzake. Hakulia hata. Alitazama tu.

Nikaweka chai chini.

"Umerukaje pale?"

"Mama, si unajua," alisema, akacheka kidogo. "Ile haisemwi kwa watoto. Namletea sasa hivi."

Niliwaita wote waje, wanawake kutoka jikoni, wanaume kutoka nje, Mbogo na gazeti lake. Walisimama. Nikawaambia: kuanzia leo, katika nyumba hii, kabla mtu mzima hajagusa kikombe, watoto watahesabiwa. Kwa sauti, kwa majina, mbele ya watu, mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na bakuli la kila mmoja liwekwe jina lake likitajwa. Hakuna namba itakayorukwa. Anayeogopa namba aende akale kwake.

Kisha nikamgeukia yule mke wa Mbogo. "Anza upya," nikamwambia. "Ukifika kwa huyu mdogo, sema saba. Iseme nikusikie, halafu mmiminie maziwa."